Umeelemewa? Anza na Mtu Mmoja: Mwongozo Kamili wa Kupata Nguvu kwa Kumsaidia Mwingine

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye mambo yamemkalia vibaya. Umeachishwa kazi, umefiwa, umeambiwa una ugonjwa wa kudumu, biashara imekufa na madeni yamebaki, au unauguza mtu ambaye huoni dalili ya kupona kwake. Kila anayekuja anakwambia "jikaze" au "Mungu yupo", anakunywa chai, anaaga. Maneno hayo hayana ubaya, ila hayakwambii kesho saa mbili asubuhi ufanye nini. Jibu langu huwashangaza watu: kesho saa mbili asubuhi anza kumtafuta mtu mmoja aliyeingia kwenye shida uliyokwisha kuipitia wewe, umpunguzie kipande kidogo cha safari.

Sisemi utoe pesa, maana najua huna. Ninachosema ni kwamba shida yako imekufundisha mambo ambayo mtu aliyeingia humo jana hayajui, na hicho ndicho kitu cha kwanza cha kutoa. Yaliyobaki hapa chini ni namna ya kukitoa bila kujimaliza.

Kwa nini kusaidia kunarudisha nguvu

Shida ikidumu humgeuza mtu kuwa mpokeaji wa kila kitu. Jana ulikuwa fundi seremala, mwalimu, mama lishe anayejulikana mtaa mzima. Leo wewe ni "yule mgonjwa" au "yule aliyefukuzwa kazi". Watu wanajadili mambo yako nawe umekaa hapo hapo. Siku nayo inakosa umbo: hakuna anayekungoja mahali popote, basi kuamka saa moja au saa tano ni mamoja. Ukipata mtu mmoja anayekungoja Jumamosi saa nne, umepata sababu ya kuoga, kupiga pasi shati na kutoka nje ya mlango.

Haya yameonekana sehemu nyingi. Mei 1935, Bill Wilson, mtu wa masoko ya hisa kutoka New York aliyekuwa na miezi michache tu tangu aache pombe, alijikuta peke yake katika hoteli moja mjini Akron, Ohio. Mpango wake wa biashara ulikuwa umevunjika na baa ya hoteli ilikuwa hatua chache kutoka aliposimama. Alikwenda kwenye simu, akaanza kupigia makanisa akiomba aunganishwe na mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Akafikishwa kwa Bob Smith, daktari mpasuaji ambaye pombe ilikuwa imemshinda kabisa. Wilson hakunywa, na mazungumzo ya wale wawili ndiyo yaliyozaa Alcoholics Anonymous, vikundi ambamo mpaka leo mlevi husaidiwa na mlevi mwenzake. Miaka 30 baadaye, mwaka 1965, mtaalamu wa saikolojia ya jamii Frank Riessman akaandika kwamba katika vikundi vya aina hii huenda anayesaidia ndiye anayefaidika zaidi.

Karibu na kwetu kuna Noerine Kaleeba wa Uganda. Alikuwa mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali ya Mulago, Kampala. Mume wake, Christopher, aligundulika kuwa na UKIMWI mwaka 1986 akiwa masomoni Uingereza, akafariki Januari 1987. Mwaka huo huo wa msiba, Kaleeba na wenzake wachache, ambao wengi wao wenyewe walikuwa wanaishi na virusi, wakaanzisha TASO, shirika la kuwahudumia watu wanaoishi na virusi na familia zao. Uganda ya wakati ule haikuwa na dawa za kufubaza virusi, na wagonjwa walikuwa wanakimbiwa hata na ndugu. Walichokuwa nacho ni kujua: namna ya kumgeuza mgonjwa kitandani, namna ya kuzungumza naye bila kumwogopa, namna ya kumwambia mke. TASO ikaja kuwa moja ya taasisi kubwa za huduma ya UKIMWI nchini humo. Angalia hapo kwamba hawakungoja kwanza mambo yao yatulie.

Hatua ya 1: Jipime

Kuna hali ambazo hazitaki mwongozo huu, zinataka hospitali. Ikiwa kwa wiki mbili mfululizo hulali au unalala mchana kutwa, chakula hakipiti, hakuna kinachokufurahisha, na umeanza kuona afadhali usiwepo, hiyo huenda ni sonona. Sonona ni ugonjwa, ina dawa na ina ushauri nasaha. Nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa, useme waziwazi unachowaza, na mwambie mtu mmoja wa nyumbani akusindikize. Mawazo ya kujidhuru yakija, usibaki peke yako hata usiku mmoja. Kusaidia wengine utaanza ukiwa tayari kwenye matibabu.

Ukifiwa, usikimbilie kuhudumia watu ili usilie. Mwanamke aliye kwenye eda ana miezi 4 na siku 10 za kutulia, na hekima ya utaratibu huo hata wasio Waislamu wanaweza kuiazima: kuna muda wa kuhudumiwa. Lakini kutulia si kukaa bure. Nimewaona wajane ndani ya eda wakisikiliza watoto wa jirani wanavyosoma, mmoja mmoja, barazani. Inatosha kabisa.

Jiulize pia kama una chakula cha leo na dawa zako za wiki hii. Kama huna, shughulikia hilo kwanza, na usione aibu kuwa wewe ndiye wa kusaidiwa kwa sasa.

Hatua ya 2: Andika njia uliyoipita

Hapa ndipo penye mali, kwa hiyo tukae kidogo.

Chukua daftari. Usiandike hisia zako, andika njia: ulianzia wapi, ukaambiwa nini, ukazungushwa wapi, ukapata nini, nani alikuwa wa msaada, karatasi gani ilihitajika. Andika kama unamwelekeza mgeni wa jiji asiyejua hata kituo cha daladala.

Tuseme umemuuguza mama yako miezi kadhaa katika hospitali kubwa ya serikali. Unajua vitu ambavyo havijabandikwa kwenye ukuta wowote. Unajua kwamba mtu anayelazwa ghafla hufika bila beseni, bila kandambili, bila sahani na kijiko, bila kanga ya pili ya kubadilisha, na kwamba vitu hivyo vikinunuliwa getini usiku bei yake ni nyingine. Unajua saa za kuona wagonjwa, na kwamba uji ukichelewa dakika kumi unabaki nje na chupa yako ya chai huku mlinzi akikutazama. Unajua kwamba kabla ya kipimo lazima upewe namba ya malipo, uende dirishani, urudi na risiti, na kwamba ukianza foleni ya maabara bila risiti umepoteza asubuhi nzima. Unajua ni saa ngapi madaktari wanapita wodini, hivyo ndugu mwenye maswali awe amesimama pale wakati huo, na maswali yake ameyaandika.

Zaidi ya yote, unajua mlango wa Ustawi wa Jamii. Katika hospitali za serikali Tanzania kuna maafisa ustawi wa jamii wanaopima hali ya mgonjwa asiyeweza kulipa na kushughulikia msamaha. Sera inawatambua pia wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Familia nyingi hujua hilo baada ya kuuza kiwanja. Mtu mmoja akimwambia binti aliyekaa kwenye benchi akilia, "Dada, kabla hujapiga simu kijijini wauze ng'ombe, twende ofisi ile pale," amefanya zaidi ya mchango wa laki mbili.

Msiba nao una njia yake. Mjane aliyemaliza mirathi anajua kwamba benki haitamsikiliza bila msimamizi wa mirathi. Kwamba kwanza ni cheti cha kifo, kisha kikao cha familia kinachoandikiwa muhtasari na kusainiwa, kisha mahakama, ambayo kwa mirathi nyingi za kawaida ni Mahakama ya Mwanzo. Anajua pia lililo gumu zaidi: namna ya kumwomba shemeji aitishe kikao bila kuonekana ana haraka ya mali. Mjane mpya hana wa kumuuliza hayo. Kwa mawakili anaogopa gharama, kwa ndugu anaogopa maneno.

Aliyepoteza kazi anajua kujaza maombi kwenye mfumo wa ajira wa serikali mpaka mwisho bila kukwama, anajua vyeti vipi vithibitishwe na wapi. Huenda amewahi kufuatilia ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu, na anajua kikundi kinavyoandika katiba na kusajiliwa. Vijana kumi pale kijiweni wanalisikia tu redioni.

Anayeishi na VVU, kisukari au kifafa anajua mwezi wa kwanza wa dawa unavyokuwa. Mwaka 2001, Cape Town, shirika la mothers2mothers lilianza kwa wazo hilo hilo: kina mama wanaoishi na VVU waliokwisha kujifungua wawaelekeze kina mama wajawazito waliopimwa na kukutwa nao. Daktari atamweleza mama dozi. Mwenzake atamweleza anaificha wapi chupa ya dawa katika nyumba ya kupanga yenye chumba kimoja.

Ukimaliza kuandika, utakuwa na kurasa mbili au tatu. Wengi hushangaa kuona wanajua mengi kiasi hicho.

Hatua ya 3: Chagua mtu mmoja, karibu

Mmoja. Usianze na taasisi, usianze na mfuko wa jamii wenye nembo na fulana. Kigezo cha kwanza ni nauli: pawe mahali unapofika kwa miguu au kwa daladala moja, la sivyo wiki ya tatu hutaenda. Kigezo cha pili, msaada uwe wa kujua au wa mikono. Kigezo cha tatu, kuwe na watu wengine karibu, kwa usalama wako na kwa heshima ya unayemsaidia. Mwanamume asiende kukaa peke yake na mjane jioni hata kama nia yake ni safi kama maji ya chemchemi, kwa sababu atakayelipa gharama ya maneno ya mtaa ni yule mjane.

Utampata wapi? Muulize mjumbe wa shina, muulize imamu au katibu wa jumuiya ndogo ndogo, muulize mama muuza genge, ambaye kwa kawaida ndiye anajua nani sasa ananunua nyanya moja badala ya fungu. Kliniki nyingi zina vikundi vya wagonjwa; muulize muuguzi kama kuna mgonjwa mpya anayetaka mtu wa kuzungumza naye.

Kama kukutana na mtu ana kwa ana bado ni kuzito, anza na kitu kisichodai mazungumzo. Kuchangia damu ni mfano mzuri. Kwa Tanzania anayechangia awe na miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50 na afya njema. Mwanamume anaweza kutoa kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Wanakupima kabla, unakaa kitini, unatoa chupa moja, unakunywa soda, unaondoka. Kama umekonda kwa mawazo au huli vizuri, acha kwanza. Watakukataa, na kukataliwa siku mbaya kunauma bure.

Hatua ya 4: Weka siku, saa na mwisho

Msaada usio na mpaka ndio unaowamaliza watu wema. Sema: Jumamosi, saa nne mpaka saa sita, kwa wiki nne. Andika. Baada ya wiki nne utaamua upya, kuendelea au kuacha, na vyote viwili ni halali.

Kwa nini nasisitiza mwisho? Kwa sababu mtu aliyeelemewa akishaonja utamu wa kuhitajiwa, hujitupa mzima mzima. Anaenda kila siku, anaamka usiku kupokea simu, anaacha kliniki yake mwenyewe. Mwezi wa pili anaanguka, na yule aliyemzoea anaachwa kwenye mataa. Saa mbili kwa wiki zinazotimizwa zina uzito kuliko ahadi ya "niko hapa muda wowote".

Mwambie na unayemsaidia. Atajipanga: atakwenda sokoni saa hizo, au atalala.

Hatua ya 5: Toa msaada wenye jina

"Ukihitaji chochote niambie" ni maneno matamu yasiyozaa kitu. Mwenye shida hana nguvu ya kufikiri akutume nini, na ana aibu. Njoo na jambo lililo tayari, lenye saa, ambalo anaweza kulikubali au kulikataa kwa neno moja.

"Shikamoo mama. Kesho saa kumi nitakuja nikae na mzee hapa. Wewe nenda kaoge, ulale hata saa moja."

"Marahaba mwanangu. Ah, usijisumbue."

"Sijisumbui mama. Na mimi nilimuuguza baba, najua usingizi unavyokuwa. Saa kumi?"

"Haya. Njoo na saa kumi na nusu basi, nikishampa uji."

Umeona alivyobadilisha saa? Acha abadilishe. Kila anachoamua yeye kinambakishia heshima yake. Akikataa mara ya pili, mshukuru, mwachie namba yako, uondoke. Kuna watu ambao kwao msaada wa mtu wasiyemjua ni mzigo, na kuna wanaojua kwamba mtaani kwao msaada hugeuka simulizi.

Hilo la simulizi ndilo sharti kubwa kuliko yote hapa. Usipige picha. Usiweke kwenye status hata kwa kuficha uso. Usimsimulie mwenzako kwenye daladala "kuna mama mmoja pale kwetu". Ugonjwa, deni, talaka, mtoto aliyeko jela, ulivyoviona ndani ya nyumba ya mtu vizikwe humo humo. Kumsitiri mtu ni nusu ya kumsaidia, na mtaa ukishajua kwamba kwako mambo hayatoki, watakuja wenyewe.

Hatua ya 6: Ukifika

Fanya kazi ya mikono kwanza. Osha vyombo, teka maji, kunja nguo, chambua mchele. Mikono ikiwa inafanya kazi, mdomo wa mwenye shida hufunguka wenyewe, kwa sababu hakuna anayemkazia macho. Jikoni wakati wa kuchambua mboga yamesemwa mengi kuliko kwenye kochi la sebuleni.

Akizungumza, sikiliza mpaka afike mwisho. Usiingie na "hata mimi" kila sentensi. Historia yako iseme kwa ufupi, pale tu inapomwonyesha njia, kisha urudi kwake. Na usishindane naye kwa machungu: kwamba wewe ulikaa hospitali miezi mitano na yeye miwili tu hakumsaidii kitu.

Usitoe ushauri wa dawa. Usimwambie aache vidonge ajaribu majani fulani, hata kama yalimsaidia shangazi yako. Mpeleke kwa mhudumu wa afya na swali lake limeandikwa. Ukiona mtoto anapigwa au ananyanyaswa, hiyo haiingii kwenye siri za kusitiri: Tanzania na Kenya namba ya simu ya msaada kwa mtoto ni 116, na ofisi ya ustawi wa jamii ya kata au wilaya ipo kwa ajili hiyo.

Zipo njia za kumsaidia mtu kufikiri bila kufikiri kwa niaba yake. Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kuwafundisha bibi wa mtaa wa Mbare, Harare, kukaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati. Ndiyo mradi wa Friendship Bench, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa na bibi hao walipungukiwa na dalili za msongo na sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Utaratibu wao unaweza kuuazima kesho: mwache mtu ataje matatizo yake yote, mwulize achague moja la kuanza nalo, kisha mtafute pamoja hatua moja ndogo ya wiki hii. Mkikutana tena, unauliza hiyo hatua ilikwendaje. Bibi hao wenyewe walikuwa watu wa maisha magumu, waliozika watoto na kulea wajukuu.

Hatua ya 7: Pesa

Utaombwa. Jiandae mapema ili usijibu kwa hasira wala kwa uongo. Jibu langu la kudumu ni hili: "Pesa sina, ila kesho naweza kukusindikiza Ustawi." Lina ukweli na lina msaada ndani yake.

Kila mchango ukipitishwa utasikia kwamba kutoa ni moyo si utajiri. Ni msemo wa kweli, lakini kwenye vikao vya michango umegeuzwa fimbo ya kuwachapia wasio nacho. Usikope ili utoe. Usichukue fedha za kikoba, wala za ada ya mtoto, wala za dawa zako. Ukiona huwezi kukataa ana kwa ana, usiende kwenye kikao. Tuma ujumbe wa pole na useme siku utakayokwenda kuosha vyombo.

Ikitokea wewe ndiye unayekusanya michango ya mgonjwa au msiba, fuata kanuni ya watu wawili: simu ya kupokelea iwe ya mmoja, orodha ishikwe na mwingine, na kila usiku jumla itangazwe kwenye kundi kwa majina. Waambie watume na ya kutolea, la sivyo makato yatakula mchango wa watu watatu. Fedha ikabidhiwe mbele ya shahidi, tena ukiweza ilipwe moja kwa moja hospitalini na risiti irudishwe kundini. Mtu aliye kwenye shida anayeshika fedha za wengine peke yake hujiweka kwenye majaribu na kwenye midomo ya watu kwa wakati mmoja.

Hatua ya 8: Tafuta wenzako wawili, na kubali kupokea

Baada ya wiki nne za kwanza, kama bado unataka kuendelea, tafuta wengine wawili waliopita njia hiyo hiyo. Watatu mnatosha. Mmoja akiumwa wawili wanakwenda; mmoja akizidiwa na alichokisikia, ana wa kumwambia bila kuvunja siri nje. Usajili, katiba na akaunti viacheni mpaka viwe vinahitajika kweli. Nimeona vikundi vingi vikivunjika kwa ugomvi wa nani awe mwenyekiti kabla ya kumtembelea mgonjwa hata mmoja.

Kisha sehemu ngumu kwa watu wengi wema: kupokea. Yule mama akikupa maembe matatu, chukua. Ukimkatalia unamrudisha kwenye ule upokeaji unaomchosha, ule ule uliokuchosha wewe. Akikuuliza hali yako, mjibu kweli, usiseme "mimi mzima" kila siku. Siku ukiugua, wacha wakuletee uji.

Dalili za kusimama

Simu yake ikiita unakasirika kabla ya kupokea. Watoto wako wanasema huna muda nao. Umekosa tarehe yako ya kliniki. Unaota mambo ya mgonjwa wa mwingine. Umeanza kuhesabu shukrani, na kuona ni chache. Dalili moja ikidumu wiki mbili, pumzika.

Kusimama kuna adabu yake. Usipotee. Mwambie wiki mbili kabla, mtambulishe mtu atakayeendelea, mwende pamoja mara moja, kisha uache kweli. Kama hakuna wa kuendelea, sema hivyo.

Wakati mwingine hutasimama wewe, yatasimama yenyewe. Mgonjwa atapona akuruke barabarani kama hamjuani, kwa sababu akikuona anakumbuka ugonjwa wake. Salimia upite. Au atafariki. Hapo nenda mazikoni kama mtu wa familia, lia kama una machozi, na baada ya arobaini, turubai likishakunjwa na wageni wakiwa wametawanyika, rudi mara moja kuwasalimia. Usichukue mtu mwingine mwezi huo.

Lile daftari la hatua ya pili wape wenzako walinakili. Ofisi huhama, madirisha ya malipo hubadilishwa, saa za wagonjwa husogezwa. Kila baada ya miezi michache mmoja wenu apite kuhakikisha, na mstari uliopitwa na wakati ukatwe kwa kalamu.